Madamu Aliyeogopa Sifuri

Watu wa Rumonge, mji wetu wa Warundi ulio kando ya ziwa, walimwita Madamu wa Takwimu, nami nitamwita hivyo hivyo. Habari za kuzaliwa kwake sizijui vizuri, na yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba alikuwa mwoga. Ninalisema hili kwa heshima. Nimesoma kwa masheikh walioogopa kutamka neno la dini wasilokuwa na hakika nalo, wakanyamaza mbele ya umati mzima wakisema tu kwamba Mungu ndiye ajuaye. Lakini sijamwona mtu aliyeogopa kosa dogo kama yule mama alivyoogopa mbele ya kompyuta yake. Kabla ya kubonyeza kitufe cha kuendesha amri, alifumba macho na midomo ikacheza kidogo. Yeye ni Mkristo wa kanisa la ngoma na makofi, mimi ni mwalimu wa madrasa. Hofu ile niliitambua hata hivyo.

Tulikuwa majirani wa ukuta. Asubuhi alifanya kazi katika ofisi moja iliyokusanya habari za wagonjwa wa mwambao, ofisi ambayo sitaitaja. Alasiri alikuja kwenye chumba cha pembeni cha madrasa yetu kuwafundisha makarani wa vituo vya afya namna ya kusafisha majedwali kwa programu ya takwimu, ile ambayo jina lake ni herufi moja tu. Ukuta kati yetu ni wa tofali jembamba. Watoto wangu walipokariri, makarani wake walisikia. Yeye alipoinua sauti kuwakaripia makarani, watoto wangu waliacha sura katikati wakasikiliza. Kwa miaka yote hiyo nilijifunza kazi yake bila kukaa mbele ya kompyuta hata siku moja.

Niseme mapema kwa nini kazi hiyo ilinigusa. Binti yangu Zubeda ameolewa kwenye kambi ya wavuvi kusini kwetu, upande wa kuelekea Nyanza-Lac. Anakausha ndagala, dagaa wa ziwa letu. Kule maji ya kunywa ni ya ziwa, na kipindupindu huja, huondoka, hurudi. Kambini palikuwa na hema jeupe la kutibia wagonjwa, na kando yake tangi la maji yenye dawa. Hema lilikaa au liliondolewa kwa kufuata tarakimu za kila wiki, na tarakimu hizo zilipita mikononi mwa Madamu. Hema likiondoka, mwanangu na wanawe wanabaki na ziwa. Basi kila alichokifanya yule mama kwenye jedwali lake kilimgusa mwanangu.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba data ya asili haiguswi. Jedwali likifika kutoka kituoni, aliliweka mahali pake, akafanya nakala, akafanya kazi kwenye nakala. Karani akiharibu nakala, Madamu hakusema neno. Karani akifungua asili na kurekebisha herufi moja tu, hata kama ni kweli ilikosewa, alimtoa nje akasimame uani mpaka somo liishe, mtu mzima mwenye ndevu. Watoto wangu walimchungulia wakicheka.

Siku moja karani aliyetoka Kabezi alikuwa na haraka ya kuwahi gari la kurudi. Jedwali lake lilikuwa na mistari iliyoandikwa mara mbili, tatizo la kila siku katika kazi ile, kwa sababu mgonjwa mmoja huandikwa kituoni na huandikwa tena hospitali. Akaiamuru programu ifute kila mstari unaorudia jina la mama, mtaa na tarehe ya kuzaliwa. Jedwali likapungua, akafurahi. Madamu akaja kusimama nyuma yake.

"Huyu Bukuru hapa, mudogo wake iko wapi?"

"Mudogo gani, Madamu?"

"Weye ni Murundi ama ni mutalii? Bukuru anazaliwa peke yake?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko, maana hapa kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba pacha wa kwanza ni Bukuru na wa pili ni Butoyi. Mama mmoja, mtaa mmoja, siku moja. Karani alikuwa amemfuta Butoyi.

"Alikuwa anafanana na ingine, Madamu. Nilifikiri inarudia."

"Mama yake alimubeba, akamuzaa, akamupeleka kituoni anatapika. Weye umemutoa na kidole kimoja, na gari ya Kabezi hata haijafika."

Alisema hivyo kwa sauti ndogo, na hakucheka na wengine. Baadaye aliniambia kwamba makosa ya aina ile ndiyo yanamnyima usingizi, kwa kuwa programu haikukosea. Ilifanya kile ilichoambiwa. Akaniambia pia kwamba wale waliorudi kutoka kambi za wakimbizi za Tanzania, yeye akiwa mmoja wao, waliandikwa wote kuwa wamezaliwa tarehe moja mwezi wa kwanza, kwa sababu mwandishi aliyewapokea hakuwa na nafasi ya kuuliza. "Mwalimu, ukitufuta kwa tarehe ya kuzaliwa, unafuta Nyanza-Lac nusu nzima. Na miye ndani."

Kuunganisha majedwali mawili kulimwogopesha zaidi ya kufuta. Jedwali moja la kituo, jingine la maabara. Unaiambia programu iwaoanishe wagonjwa kwa namba zao, na yule asiyepata mwenzake upande wa pili anaanguka kimya. Aliwalazimisha makarani wahesabu mistari kabla, wahesabu baada, kisha wamletee walioanguka, mmoja mmoja, na sababu ya kila mmoja. Karani aliyesema "wameanguka wachache tu" alikiona.

"Hao wachache ungekuwa umewazaa weye, ungesema tu?"

Hakujali kwamba kazi ya nusu saa ilikuwa siku nzima. Ofisini walimlalamikia sana kwa hilo, na nadhani walikuwa na haki kwa kiasi fulani, kwa sababu ripoti zake zilichelewa, na kuchelewa nako kunaua.

Wakati mmoja kituo fulani kilituma jedwali ambalo katika nafasi ya idadi ya wagonjwa muuguzi aliandika neno "wengi". Programu haijui kujumlisha neno. Ilipoambiwa igeuze safu ile kuwa namba, ililiondoa neno ikaacha shimo, ikaandika onyo kwa rangi nyekundu ambalo karani hakulisoma. Madamu alilisoma. Akampigia muuguzi simu palepale, sauti akaiweka wazi, nasi wote tukasikiliza pande mbili za ukuta.

"Amahoro, dada. Wengi ni wangapi?"

Muuguzi akajibu, "Madamu, nilikuwa peke yangu siku ile. Kama ningehesabu, nani angewapa maji?"

Madamu alikata simu akakaa. Hakumlaumu. Tangu hapo aliwafundisha makarani kwamba onyo jekundu ni mtu anayepiga hodi mlangoni, na kwamba shimo katika jedwali linaweza kuwa mahali ambapo mambo yalikuwa mabaya kuliko mahali pote. Neno lake lilikuwa hili: "Sifuri ni habari. Shimo ni kutokuwa na habari. Atakayezichanganya, asirudi chumbani mwangu."

Aliniuliza siku moja watoto wangu wanakariri majina gani marefu kabla ya kusoma hadithi ya Mtume. Nikamweleza kwamba hatupokei neno mpaka tujue limepokewa kutoka kwa nani, naye kutoka kwa nani, mpaka mwanzo, na kwamba mpokezi mmoja akikosekana katikati neno zima linashukiwa. Alinisikiliza kama mtu anayesimuliwa habari za nchi yenye mvua. "Nyinyi muko na bahati," akasema. "Miye wananiletea tarakimu haina baba wala mama."

Ila asije mtu akadhani alikuwa mwangalifu katika kila jambo. Mama huyu aliyehesabu wagonjwa wa kipindupindu alikula mapera ya barabarani bila kuyaosha. Nilimkanya. "Nikiogopa vyote, Mwalimu, nitatoka nyumbani saa ngapi?" Alipanda pikipiki za kukodi bila kofia, akimhimiza dereva aongeze mwendo. Siku ya kuzaliwa ya mwanawe wa pili aliisahau mpaka mtoto alipolia. Makarani aliowafokea alasiri aliwanunulia chai na maandazi jioni kwenye kibanda cha Mwarabu, muuza duka wa kona yetu, akawacheka walivyokuwa wamekunja nyuso. Na alikuwa na kiburi. Alimwambia mkuu wake wa kazi, mbele ya watu, kwamba programu ina adabu kuliko yeye.

Kisa cha maneno hayo ni mashimo ya kambi ya Zubeda.

Jedwali la kambi ile lilikuwa na wiki zisizo na kitu. Wiki tatu tarakimu zinakuja, ya nne hakuna, kisha zinakuja tena. Mkuu wake, ambaye wote walimwita shefu, alitaka mashimo yazibwe kwa sifuri ili ripoti ikamilike. Ukiyaziba hivyo, mchoro unaonyesha ugonjwa ukipungua mpaka chini kila mwezi, kana kwamba unaisha wenyewe. Shefu aliutazama mchoro wa namna hiyo akasema hema lile linaweza kuhamishiwa kwingine, kwenye shida zaidi. Hakuwa mtu mbaya. Mahema yalikuwa machache, na kila kambi ililia.

Madamu alikataa. Katika programu ile, shimo lina alama yake maalumu, yenye maana ya "haijulikani", na ukijumlisha tarakimu pamoja na kisichojulikana, jibu lote linakuwa halijulikani. Kuna neno la kuongeza kwenye amri ili programu iruke mashimo ikupe jumla nzuri. Hakuliongeza. Ripoti ya mwambao mzima ikatoka na neno "haijulikani" mahali pa jumla.

"Madamu, Bujumbura wanataka raporo, hawataki maswali," shefu alimwambia.

"Basi weye andika unajua. Miye sijui, na hii mashini haijui. Yenyewe iko na adabu, imekubali."

Alikuja chumbani siku ile. Alijua anaweza kufukuzwa. Aliniwekea jedwali mbele, akaniuliza kama Zubeda amewahi kunieleza jambo lolote linalotokea kambini kila baada ya wiki chache. Nilitazama tarehe zile, nami nilikuwa nimefunga. Sisi tunafunga siku tatu nyeupe katikati ya kila mwezi wa Kiislamu, wakati mwezi umejaa. Nikaanza kuhesabu nyuma kwa kumbukumbu za funga zangu, na kila shimo liliangukia siku zile.

"Mwezi mpevu," nikasema.

Hakuhitaji maelezo zaidi, na mtu yeyote wa mwambao angeelewa. Wavuvi wetu huvua kwa taa gizani, ndagala wafuate mwanga. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, basi kambi husimama na wanaume hurudi makwao. Mhudumu wa afya wa kambi ile naye alikuwa mvuvi wa taa. Wiki ya mwezi alifunga mlango wa hema kwa kamba akaenda kwa mkewe, milimani upande wa Kizuka, na simu ya kutuma tarakimu mfukoni. Waliobaki kambini ni wanawake wa kukausha, watoto, na wagonjwa wasioweza kusafiri.

Tulikwenda pamoja mwezi ulipojaa tena. Nakumbuka ukimya wa mahali pale, mitumbwi imevutwa juu, nyavu zimeanikwa. Mbele ya hema lililofungwa walikuwa wamelazwa watu kwenye mikeka, na Zubeda akipita kati yao na ndoo. Hakuwa na ruhusa ya kufungua kamba ile. Madamu aliikata kwa kisu cha ndagala.

Mungu alituonea huruma. Wengi wa wale walipona. Madamu akapigania jambo moja, akalipata: tarakimu za kambi zitumwe na mtu asiyevua. Simu akapewa Zubeda. Tangu wakati huo mashimo yakaisha, na hema likakaa. Nilimshukuru Mungu kwa hilo kila swala, nami namshukuru hata leo.

Sasa nieleze mara ya karibuni nilipomwona.

Alikuwa ameshastaafu. Ziwa limepanda miaka hii, limekula nyumba za chini, na yeye amehamia juu kwa mwanawe. Tulikuwa hatuonani sana. Alikuja madrasa asubuhi, nje ya kawaida yake, amevaa kandambili. Mmoja wa makarani wake wa zamani alikuwa amemtumia jedwali la mwezi huo. Akanionyesha kwenye simu. Kambi ya Zubeda, wiki mbili za mwisho: sifuri, sifuri.

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Usishukuru bado, Mwalimu."

Akaketi kwenye mkeka wa watoto. Akanieleza kwamba siku hizi ofisini kuna amri iliyoandikwa tayari, inayoziba mashimo yenyewe kabla mtu hajayaona. Jedwali linafika limejaa. "Sifuri ya Zubeda na sifuri ya mashini zinafanana sura. Siwezi kuzitofautisha. Mulisemezana naye lini?"

Zubeda ana kazi nyingi, na mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Sikuwa nimeona ajabu kunyamaza kwake. Nilipiga simu. Haikupatikana. Nikataka kumpigia mumewe, nikakumbuka kwamba yuko ng'ambo ya Congo na wenzake tangu mwanzo wa mwezi. Nikapiga tena ya Zubeda.

Kwa miaka mingi nilikuwa sijamsikia Madamu akisema jambo asilolihakikisha. Alimwambia kila mtu asubiri kwanza, ahesabu, aulize. Sasa alisimama akavaa kandambili zake.

"Sijui kitu, Mwalimu," akasema. "Twende."

Tukapanda gari la kusini. Nilisoma nilichojaliwa kukisoma, na kila nilipofika kwenye dua ya wagonjwa ulimi uliikwepa, kwa kuogopa kwamba nikiisoma nitakuwa nimekubali. Yeye alishika simu mapajani bila kuitazama. Barabara imekatwa na maji mahali pawili, tukashuka tukatembea, tukapanda gari jingine.

Hema lilikuwa bado limesimama, na hapo nikapumua. Kisha nikaona vijana wawili wenye vizibao vya kazi wanafungua kamba za pembeni. Tangi la maji lilikuwa limeshapakiwa garini. Upande mmoja wa hema ulikuwa umeshuka mpaka chini.

"Amahoro, wanangu," Madamu aliwaambia. "Munafanya nini?"

"Tunahamisha, mama. Raporo inasema hapa hakuna mugonjwa."

"Muliingia ndani?"

Mmoja akasema walitumwa kufungua, hawakutumwa kuingia, na kwamba ugonjwa ule unaambukiza, kila mtu anajua.

"Ingia uhesabu."

"Mama, sisi si waganga."

"Kuhesabu haitaki muganga. Ingia."

Mimi sikungoja. Niliinua turubai nikaingia kwa mikono na magoti. Zubeda alikuwa kwenye kitanda cha tatu, macho yameingia ndani, midomo imekauka, simu imezimika kifuani pake. Alinitambua. Alitaka kusema, nikamwambia asiseme. Kwenye vitanda vingine walikuwapo wengine, wala hapakuwa na mhudumu; waliokuwa na nguvu walikuwa wamekimbia ugonjwa pamoja na watoto. Mmoja wa wale vijana aliingia nyuma yangu, akasimama, midomo yake ikihesabu bila sauti. Alipotoka nilisikia akimwambia mwenzake arudishe tangi, na kamba za upande ule zikaanza kukazwa, na hema likainuka juu ya vichwa vyetu.

Mwanangu alipata maji yenye chumvi, kisha dripu, kufikia alasiri alikuwa anakojoa, na muuguzi aliyeitwa kutoka Rumonge akasema ataishi. Nikatoka nje kusujudu mchangani.

Nilipoinua kichwa nilimwona Madamu ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa. Nilikwenda kumwambia murakoze, asante ya Kirundi, kwa sababu Kiswahili changu kilikuwa kimeniishia. Hakunisikia. Alikuwa amelifungua lile jedwali na anateremsha kidole kwenye safu ya wiki ile, kambi moja baada ya nyingine, mwambao wote kutoka kwetu mpaka Nyanza-Lac. Kila mahali kidole kilipotua palikuwa na sifuri.